Watu wa Njano wa Halima

Jumapili. Kibuli. Mvua.

Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa, alasiri, haijaamua kama inaacha au inaendelea. Bati letu limechoka kupigwa. Nimekaa kitandani, blanketi miguuni, simu mkononi, macho yamevimba kama nimeumwa na nyuki. Nimelia leo, tena sana. Nalisema mapema ili nisianze kuzungukazunguka.

Nilitaka kuandika kuhusu emoji. Chekeni tu. Mtu mzima na akili zake, Jumapili ya mvua, anaandika kuhusu vile vikatuni vya kwenye simu. Lakini nyumbani kwetu vikatuni hivyo ndivyo vimekuwa vikitushikilia tangu mdogo wangu Halima asafiri, na leo vimeshindwa, na sijui nimwambie nani zaidi ya ukurasa huu.

Kwetu haviitwi emoji. Vinaitwa watu.

Jina hilo alilitoa mama. Mama anasoma Kurani vizuri kuliko mimi na kuliko majirani wengi wanaojifanya, lakini hizi herufi nyingine hakuzisoma. Shule yake ilikuwa madrasa, kisha akaolewa na askari. Kwa hiyo Halima alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, hakuwa na sababu ya kumwandikia mama maneno ambayo lazima mimi nimsomee. Alianza kumtumia zile sura za njano. Mama akazitazama siku ya kwanza, simu ameiweka mbali na macho, akauliza hawa watu ni wa nani. Nikamwambia ni wa Halima. Basi. Tangu siku hiyo, kila alfajiri akimaliza kuswali, swali lake ni moja.

"Watu imefika?"

Hicho ndicho Kiswahili cha mama, Kiswahili cha kambi ya polisi. Sisi ni Wanubi, nyumbani tunachanganya Kinubi na Kiswahili, na sokoni tunaongea Kiganda. Watu wengi Kampala wakisikia Kiswahili, lugha ya wanajeshi, wanakumbuka bunduki. Mimi namkumbuka baba akiomba chai.

Mama aliwapa watu wa Halima majina. Yule anayeonyesha meno yote anamwita Muuza Dawa. Yule mwenye mioyo badala ya macho ni Mgonjwa, na nimeshindwa kabisa kumshawishi kwamba yule si mgonjwa, amependa. Yule anayecheka mpaka machozi yanaruka anamwita Shangazi, kwa sababu dada yake baba alikuwa akicheka hivyohivyo misibani. Mama alikuwa akiwahesabu kwa kidole, bila haraka, kisha anatabasamu kidogo, kisha anarudisha jibu lake. Na jibu lake lilikuwa hilohilo siku zote: kikombe cha chai. Mimi ndiye niliyemwonyesha kilipo. Hakutaka ua, hakutaka moyo. Alisema moyo ni kitu cha kutuma kwa daktari.

Kikombe cha chai maana yake nimeona. Zaidi ya hapo, hakuna.

Na sababu ya kutokuwepo zaidi ya hapo ninaijua, kwa sababu nilikuwepo mlangoni. Mama hakutaka Halima asafiri. Alikuwa amesikia habari za wasichana wa jirani, wengine walirudi kimya, wengine hawataki kuulizwa. Walibishana wiki nzima. Halima ana mdomo, mama ana mdomo, na mimi katikati naosha vyombo. Siku ya safari, begi liko tayari kibarazani, mama hakuinuka kwenye mkeka wake. Alikuwa anasuka tabaga, ule mfuniko wa chakula wa rangi nyingi ambao wanawake wa Kinubi husuka kwa ukindu, na mkono haukusimama hata wakati anasema.

"Wewe nataka kuenda, enda. Lakini shida ya huko usiletee mimi hapa."

Halima aliinua begi lake mwenyewe. Nilimsindikiza Entebbe peke yangu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyesikia sauti ya mwenzake. Halima hakupiga kwa mama, mama hakuomba kupigiwa. Watu wa njano kuja, kikombe cha chai kurudi. Wageni wakiuliza habari za Halima, mama anasema yuko salama, anatuma watu kila siku. Na mgeni ambaye hajui hudhani Halima amekuwa tajiri, anatuma wajumbe.

Sasa upande wa pili, ambao mama haujui. Au ambao mpaka leo asubuhi nilidhani haujui.

Kwangu mimi Halima hatumi watu. Mimi ananitumia sauti. Ananong'ona kutoka chumba cha kufulia, ndiko anakolala, na nyuma yake nasikia mashine inazunguka. Ananiambia kwamba akimaliza nyumba ya tajiri wake anapelekwa nyumba ya dada wa tajiri wake, na huko anaanza tena kama vile siku ndiyo kwanza imekucha. Simu anaachiwa alfajiri tu, kabla kazi hazijaanza, kisha inafungiwa kabatini. Ananiambia anaongea na kitunguu. Kweli, kitunguu. Anasema anapokata anakiambia habari za Kibuli, kwa sababu akilia hakuna atakayeuliza kwa nini.

Kisha mwisho wa kila ujumbe, bila kukosa, anasema: usimwambie mama, alisema nisimletee.

Na mimi sikumwambia. Nilikuwa nasikiliza zile sauti njiani nikienda kazini, spika nimeibana sikioni, nateremka kutoka Kibuli kwenda Katwe, ambako napaka majina ya wanafunzi kwenye masanduku ya bati. Nikifika nakuwa nimeshafuta machozi. Jioni narudi, mama ananiambia leo Halima ametuma Muuza Dawa na maua mawili, nami nasema, kweli, mtoto anafurahi. Tulikubaliana mimi na Halima, ingawa hatukuwahi kukaa tukakubaliana: mimi nipate ukweli, mama apate sura. Niliona ni huruma. Niliona mama, na presha yake, amepata fungu zuri.

Nimekuwa nikifikiria sana siku hizi kwa nini tunazituma. Tazama grupu letu la kazini. Mwenzangu mmoja, mchomea vyuma, aliandika wiki iliyopita kwamba mwenye nyumba amemtolea godoro nje kwenye mvua. Akamalizia na Shangazi watatu wanaocheka mpaka machozi. Sisi nasi tukamjibu na Shangazi wengine, mstari mzima. Hakuna aliyeuliza amelala wapi. Lakini hata yeye hakutaka tuulize, nadhani. Ukiweka kicheko mwishoni mwa msiba wako, unampa mwenzako ruhusa ya kupita. Na mwenzako anashukuru, anapita.

Halafu kuna ile mikono miwili iliyounganishwa, ya kuomba. Hiyo naichukia. Nitaeleza kwa nini.

Ijumaa sauti ya Halima ilikuja fupi. Aliteleza kwenye ngazi akiwa amebeba zulia. Mguu umevimba, kiatu hakiingii. Hakupelekwa hospitali, amefungiwa kitambaa na kuambiwa apumzike akimaliza kazi. Anafagia akiruka kwa mguu mmoja kama tulivyokuwa tukicheza utotoni kwenye nyumba za polisi kule Nsambya. Alijaribu kulicheka hilo. Akashindwa katikati, na sauti ikakatika hapo.

Sikwenda Katwe. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya wakala aliyempeleka. Pale mapokezi kuna msichana mpole sana, kucha ndefu, kila neno analipaka asali. Aliniita nyabo, yaani bibie, akanipa kiti, akaniambia mkataba haujaisha, wenzao wa kule watafuatilia, niache namba yangu. Nikaacha. Mchana nikamwandikia, nikauliza wamefuatilia? Akajibu kwa ile mikono miwili. Jioni nikamwandikia tena, nikasema mdogo wangu hawezi kukanyaga chini. Mikono miwili. Jana asubuhi nikamwandikia kwamba nataka kuzungumza na mkubwa wake. Mikono miwili, na njiwa mweupe juu yake.

Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Mikono ile utaijibu nini?

Na Ijumaa hiyohiyo, alfajiri, kabla ya kuninong'oneza habari za mguu, Halima alikuwa amemtumia mama jua, waridi, na Muuza Dawa. Jana akatuma jua, waridi, Muuza Dawa, na yule mwanamke wa gauni jekundu anayecheza dansi. Mtu mwenye mguu kama boga ametuma mcheza dansi. Nilipomwona yule mwanamke kwenye simu ya mama nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Basi leo.

Tumeswali alfajiri, mimi na mama, mkeka mmoja, mvua inapiga. Nilikuwa nakunja kanga yangu wakati simu yake ilipolia. Watu wamefika. Na walikuwa wengi, sijawahi kuona wamekuja wengi namna hiyo: Shangazi, Mgonjwa, Muuza Dawa, waridi, jua, mcheza dansi, puto, keki ya sikukuu ambayo hatukuijua ni sikukuu gani. Nikamwekea mama simu mapajani na kusema, leo Halima amechangamka. Nikangoja anyooshe kidole atafute kikombe chake.

Hakunyoosha. Aliwatazama watu wale mpaka kioo kikazimika. Akakigusa kikawaka, akawatazama tena.

"Zena," akasema, "Halima iko na shida gani?"

Nilianza kusema hana shida, mama, unaona mwenyewe anavyocheka. Nilisema kwa haraka, kwa sauti ile ninayotumia kwa wateja wakati rangi haijakauka. Mama aliniacha nimalize. Kisha akanisimulia jambo ambalo miaka yote hii, mimi niliyezaliwa kambini, sikuwahi kulisikia.

Baba alikuwa polisi, na alipokuwa akipelekwa kazini kaskazini, kwenye ile miaka mibaya ya vita, habari zake zilikuja Nsambya kwa redio ya polisi. Hakukuwa na simu za mkononi. Askari wa redio alikuwa akiita wake za askari, wanasimama nje ya dirisha la chumba chake, anawasomea mmoja mmoja. Mama anasema wanawake wale walijifunza jambo moja upesi sana. Mume aliye salama hulalamika. Anasema unga wa posho una wadudu, viatu vinabana, mkubwa wetu ana roho mbaya, niletee tumbaku, kwa nini hujaniletea tumbaku. Mwanamke akisomewa maneno hayo alirudi nyumbani akipiga kelele kwamba mume wake ni msumbufu, na usiku alilala vizuri. Lakini ukisomewa hali nzuri, wasalimie watoto, hapo ulirudi umenyamaza. Kwa sababu huyo ana jambo ambalo hawezi kulipitisha kwenye redio ambayo kambi nzima inasikia.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na kanga nusu imekunjwa.

"Siku baba yenu napigwa risasi ya mguu," mama akasema, "redio nasema hali nzuri sana. Ile sana ndiyo ilimaliza mimi."

Akanionyesha kioo cha simu, wale watu wote, puto na keki.

"Halima tangu iko mdogo nalia tu. Chai iko moto, nalia. Chai iko baridi, nalia. Sasa watu yake yote nacheka, kila siku. Leo imekuja mingi. Huyu mtoto imeumia, Zena, na wewe najua."

Nikalia. Nilikuwa nalia kwa sababu ya Halima na mguu wake, lakini pia, niseme ukweli kwa kuwa hapa ndipo mahali pangu pa kusema ukweli, nililia kwa ajili yangu. Nilikuwa nimebeba kitu kizito kwa uangalifu mkubwa ili mama asikione, kumbe mama amekibeba upande wa pili muda wote, na yeye kwa uangalifu ili mimi nisijue. Tangu Ramadhani, anasema. Tangu Ramadhani amekuwa akihesabu sura zinazocheka na kurudisha kikombe cha chai, na akizima simu anabaki na hofu yake.

Nilimuuliza kwa nini hakuniuliza mapema. Alikuwa anasugua goti lake, lile linalomsumbua wakati wa mvua.

Akasema ni yeye aliyemkataza Halima. Akasema mlango aliufunga yeye kwa mdomo wake mwenyewe, na mtoto ametii. Katika maisha yake yote Halima hajawahi kumtii mama katika jambo lolote, si shule, si nguo, si wanaume, na jambo moja alilotii ni hilo. Mama alilisema hilo bila kulia. Nilimweleza basi kila kitu: ngazi, zulia, chumba cha kufulia, nyumba mbili, kabati, msichana wa mapokezi na mikono yake. Kitunguu nilikiacha. Kisha nikakirudia, nikamwambia na kitunguu. Hapo ndipo alipofunika uso na ncha ya mtandio wake.

Alipoufunua, akaniomba simu.

"Nitafutie ile nalia."

Tulimtafuta pamoja, vichwa vimegusana. Yupo wa chozi moja, mama akasema huyo anajifanya. Yupo aliyekunja midomo tu, akamkataa. Tukamfikia yule ambaye mdomo uko wazi na machozi yanatiririka mito miwili mpaka chini. Mama akamtazama vizuri. Akauliza kama huyu anaonekana vilevile kule, au atabadilika njiani. Nikamwambia anafika hivyohivyo alivyo.

Akambonyeza mara moja. Mtu mmoja, peke yake, bila chai.

Tiki zikawa mbili, kisha zikawa buluu. Halima ameona. Pale juu pakaandika kwamba anaandika. Pakaacha. Pakaandika tena. Nje kuku wa jirani walikuwa wamejikunyata chini ya mkokoteni, na nakumbuka niliwatazama wao kwa sababu sikuweza kuitazama simu. Mama aliishika kwa mikono miwili.

Kisha wakaanza kuingia.

Wa mito miwili. Mmoja, halafu watano, halafu mstari, halafu mistari. Kioo kizima kikajaa, wale wa juu wakasukumwa wakapotea, wengine wakaingia kwa chini, simu ikawa inatetemeka mikononi mwa mama bila kupumzika. Hakukuwa na ua hata moja. Hakukuwa na jua. Jua la Halima na keki yake vilisukumwa juu huko mpaka havionekani tena.

Mama aliwatazama wote waliokuja. Machozi yake sasa yalikuwa yanateremka na hakuyafuta. Na uso wake, sijui nielezeje, ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Sasa ndiyo yeye," akasema.

Simu ikanyamaza ghafla. Nyumba ya kule imeamka, kabati limefungwa.

Nilidhani limeishia hapo. Nilipika chai, tukala gurusa za jana, zile chapati zetu nyembamba, zimekauka kidogo lakini ukichovya zinakubali. Mama alichukua tabaga yake, akasuka mistari michache, akafumua, akasuka tena. Alisuka hivyo mpaka adhuhuri. Mimi nilikuwa nasoma grupu la kazini. Msimamizi ameandika kwamba maji yameingia karakana, masanduku ya chini yote yamelowa, kesho tusifike mapema. Watu wakaweka mikono miwili, mikono miwili. Nami nikataka kuiweka, kwa mazoea, kisha nikaandika: nani ameokoa yale ya wasichana wa bweni, niliyamaliza jana? Na yule mchomea vyuma nikamwandikia pembeni, nikamuuliza siku hizi analala wapi. Bado hajajibu. Labda nimemshtua.

Mama akaniita. Akataka kujua kama katika wale watu yupo anayemaanisha rudi.

Tukatafuta. Kuna ndege ya abiria, lakini mama akasema ndege ndiyo iliyomchukua. Kuna nyumba, ina bustani na dirisha, haifanani na yetu. Kuna mkono unaopunga, lakini huo hata kwaheri hupungwa. Kuna mishale inayogeuka. Mama aliitazama mishale akasema hiyo ni ya magari. Tulipitia wanyama, matunda, bendera, vyombo vya muziki. Kuna mpaka mtu anayenyolewa nywele. Rudi haipo.

Aliweka simu chini. Akaichukua tena. Kisha akanyoosha kidole kwenye kile kipaza sauti kidogo pembeni, ambacho kwa muda wote huu hakuwahi kukigusa, wala kuuliza kazi yake, ingawa nina hakika aliijua, na akaniambia nimshikie hapo wakati yeye anaongea.

Nikashika.

Nilidhani ataanza kwa salamu, mama ni mtu wa salamu ndefu. Hakusalimia. Alisogeza mdomo karibu kabisa na simu, kama wanawake wale nje ya dirisha la redio walivyosogeza masikio.

"Halima. Ile neno nilisema kwa mlango, nimeiondoa. Shida yako ni ya mimi. Letea mimi yote. Kisha rudi."

Akanitazama. Nikaachia kidole. Ujumbe ukaondoka.

Tiki ni moja tu, ya kijivu. Simu ya Halima iko kabatini kwa watu, imezimwa, na sauti ya mama inangoja nje. Mguu wake bado umevimba. Mkataba bado upo. Hakuna kilichobadilika kule leo, najua, na nimejizuia kumwambia mama mambo ya kumpa moyo ambayo sina uhakika nayo. Tumefanya hivyo vya kutosha katika nyumba hii.

Kesho tunakwenda kwa wakala, wawili. Mama ameshatoa gurbaba yake ya sikukuu, lile vazi la kijani analovaa Idi tu, ameitundika mlangoni ili unyevu uishe. Anasema atakaa kwenye kile kiti cha mapokezi na tabaga yake, asuke hapohapo, mpaka mkubwa atoke. Anasema yeye hana namba ya kuacha. Namwonea huruma yule msichana wa kucha ndefu, kidogo tu.

Lakini kabla ya wakala kuna alfajiri. Kabati litafunguliwa, Halima atakaa juu ya ndoo kando ya mashine ya kufulia, atawasha simu akitafuta kikombe cha chai, na badala yake atamsikia mama.

Mvua bado. Mama amelala na simu kifuani, na ile tiki bado ni moja.